Mwalimu wa Ndoo Mbili

Kama hukuwahi kumwona mama wa miaka hamsini na ushei akishuka kwenye pikipiki, kofia ngumu juu ya ushungi, fenesi limefungwa nyuma kwa mpira na ndoo mbili za plastiki zinaning'inia kwenye usukani, basi hukusoma masomo ya jioni pale Sofu, Kibaha. Ndoo zilikuwa vifaa vya kufundishia. Fenesi lilikuwa letu, la kula wakati wa mapumziko, na lilikuwa kubwa kiasi kwamba lingepewa kitambulisho cha kupigia kura na hakuna ambaye angeshangaa. Sisi tulimwita Mwalimu. Wenye duka la mbele walimwita Mwalimu. Mbwa wa jirani, aliyekuwa akiibwekea Kibaha nzima pamoja na ndege zinazopita juu, akimwona yeye alikaa kimya na kuinamisha kichwa kama mtu ambaye hakufanya zoezi.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba nyuma ya duka la madaftari. Wanafunzi tulikuwa kumi na mmoja, kompyuta tano, na ile ya tano kazi yake ilikuwa kutundikiwa mkoba. Tulianza saa kumi na moja jioni, watu wametoka makazini, tunanuka jasho na vumbi la Pwani yote. Yeye alitoka Kisarawe kwa njia ya ndani inayotokea Kiluvya, akafika na rangi ya njia: kiangazi mwekundu kama tofali, masika ana tope hadi kwenye miwani.

Kitu cha kwanza alichofanya kila siku ni kumwamkia mwanafunzi wake. Tulikuwa na mzee mmoja wa Mlandizi, mkulima, kofia yake nyeupe haijawahi kuwa na doa, aliyekuja kujifunza kompyuta kwa sababu, kwa maelezo yake, wajukuu walikuwa wanamficha mambo. Mwalimu aliingia, akaweka ndoo chini, akamwendea na kumpa shikamoo yake. Mzee akaitikia marahaba binti yangu, akaulizia hali ya Kisarawe, akaulizia mihogo. Wakimaliza, Mwalimu alirudi ubaoni na kugeuza sauti: "Haya, wewe wa mbele, zoezi la jana liko wapi?" Na huyo wa mbele alikuwa yule yule mzee. Alijibu akiwa amesimama, mikono nyuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kuna la kucheka.

Ninamwandika kwa sababu ya zoezi moja alilotupa, na kwa sababu ya dereva mmoja wa lori aliyeponea chupuchupu kufukuzwa kazi kwa tarakimu tatu nilizoandika mimi. Wakati ule nilikuwa mlinzi na mwandishi wa lango kwenye yadi moja ya makontena huko Kwala. Nimezunguka na jambo hili miaka mitano, na haliwezi kusimuliwa bila ndoo.

Ndoo moja aliiandika KUINGIA, nyingine KUTOKA. Alitaka tuelewe kwamba kompyuta haikumbuki kitu mpaka ukiweke ndani ya chombo chenye jina. Basi aliandika muda kwenye kikaratasi, akakitumbukiza, akamwita mtu aje atazame ndani aseme kuna nini. Aliyesema kilichoandikwa alirudi kukaa. Aliyesema anachodhani kimeandikwa alibaki amesimama na ndoo kichwani, na nakuhakikishia nilikaa na ile ndoo kichwani hadi shingo ikaongezeka urefu. Maneno yake yalikuwa hayo hayo kila jioni, kwa kila mtu: "Sitaki kujua ulimaanisha nini. Nisomee ulichoandika."

Zoezi lilikuwa hivi. Gari limeingia saa fulani, limetoka saa fulani, programu iseme limekaa muda gani. Tulipolisikia tulicheka. Kutoa tu? Mimi nilikuwa nimeshajiona nimehitimu, nimeshachagua na suti.

Mzee wa Mlandizi ndiye aliyetangulia. Akaandika gari limeingia 11, maana lilifika saa kumi na moja jioni, limetoka 2, maana liliondoka saa mbili usiku. Akabonyeza. Kompyuta ikajibu hasi tisa.

Mwalimu akatuuliza hasi tisa maana yake nini. Dada mmoja muuza dawa, mwepesi wa akili kuliko sisi sote tukiunganishwa, akasema maana yake gari limetoka masaa tisa kabla halijaingia.

"Basi mlinzi afukuzwe," akasema Mwalimu, na wote kumi na mmoja tukageuka, mimi nikiwemo, kunitazama mimi.

Yule dada akaona dawa yake: jibu likiwa hasi, ongeza kumi na mbili. Likaja tatu, tukapiga makofi. Mwalimu akaandika gari jingine, limeingia saa mbili asubuhi, limetoka saa nne usiku, na programu ikasema limekaa masaa mawili, wakati limeshinda pale kutwa nzima na dereva kala milo mitatu. Makofi yakaisha. Tulihangaika na hilo wiki nzima. Ndipo akatueleza kwamba sisi siku yetu inahesabiwa kwa jua, likichomoza tunaanza, likizama tunaanza tena, lakini siku ya kompyuta inaanza watu wamelala fofofo na haina mchana wala usiku, inahesabu moja kwa moja mpaka mwisho. Kwa hiyo saa yoyote, kabla hujaitia ndani, itafsiri. Geuza zote ziwe dakika. Toa. Ikiwa chini ya sifuri, ongeza elfu moja mia nne arobaini, ambazo ni dakika za siku nzima. Hiyo elfu moja mia nne arobaini tuliiimba. Nadhani hata mbwa wa jirani aliijua.

Sasa kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe, aliyepiga marufuku saa zetu ndani ya kompyuta kama watu wanavyozuia viatu msikitini, alivaa saa ya mkononi iliyotegeshwa Kiswahili. Jua likichomoza mishale ya saa yake ilisimama kwenye kumi na mbili. Dada muuza dawa alithubutu kumuuliza. Alisema hii ya mkononi ni ya kuishi nayo, ile nyingine ni ya kuandikia, na mtu mzima anatakiwa kujua ameshika ipi.

Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Alichukia udhuru kuliko alivyochukia kuchelewa. Yeye alichelewa mara kwa mara, hasa masika, na hakuwahi kutaja tope wala pancha. Akichelewa dakika saba, alikwenda kukaa benchi la nyuma dakika saba, mwanafunzi anafundisha, naye anaandika kwenye daftari kama sisi. Akichelewa ishirini, ishirini. Siku moja alikaa nyuma dakika arobaini, mzee wa Mlandizi akatufundisha, na ukweli ni kwamba jioni ile tulijifunza zaidi habari za korosho.

Hakumrekebishia mtu kosa. Alikuja nyuma ya kiti chako, mikono ameifunga mgongoni kama askari, akasoma mistari yako kwa sauti, taratibu, kama anayesoma barua iliyotoka kwa ndugu wa mbali. Kosa ukalisikia mwenyewe likipita, uso ukawaka moto. Na programu ikifanya kazi, hakusema hongera, hakusema vizuri. Alisema, "Inapita." Mimi aliniambia hivyo mara moja katika miezi mitano, na siku hiyo nilitoka Sofu hadi Maili Moja miguu yangu haijagusa ardhi.

Haya, dereva.

Alipoona tumeshaiva, Mwalimu alituambia kila mtu alete muda wa kweli kutoka kazini kwake, tuone programu zetu zinasema nini. Dada akaleta wa kufungua na kufunga duka la dawa. Mzee akaleta wa kumwagilia mchicha. Mimi nilileta safari ya lori, kutoka langoni kwetu Kwala mpaka lilipopokelewa Dar, na nilileta nikiwa nacheka, kwa sababu ile safari ilikuwa habari ya yadi nzima. Kitabu changu kilisema limetoka 3:10. Cha Dar kilisema limefika 12:10. Programu yangu, ambayo sasa ilikuwa haina kasoro, ikajibu masaa tisa.

Mwalimu akauliza ni lori au ni konokono. Darasa likaangua kicheko, nami nikapata jukwaa. Nikawasimulia kwamba ni dereva mmoja mtu mzima, mpole, safari ya masaa matatu kaifanya tisa, ofisini wanasema masaa sita alikuwa amejificha mahali ananyonya mafuta ya gari, na Jumatatu saa nne anaitwa kujieleza, na hakuna atakayemponya. Yadi ilikuwa imeshambatiza Masaa Sita. Niliigiza mpaka namna anavyotembea, yule baba, na nilikuwa naigiza vizuri.

Mwalimu hakucheka. Alikuja nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni, akasoma mistari yote mpaka mwisho. Kisha akaniuliza zamu yangu inaanza saa ngapi. Nikamwambia saa moja asubuhi.

"Na lori ulilifungulia wewe?"

"Mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Saa tisa na dakika kumi za alfajiri, ulikuwa langoni kwa kazi gani?"

Nikaiona ile asubuhi. Simu ilikuwa imeisha chaji. Nilimuuliza mama wa chapati pale nje saa ngapi, akaniambia saa tatu na dakika kumi, nami nikaandika kama nilivyosikia: tatu, nukta mbili, kumi. Ofisini walitaka saa ya kompyuta, 9:10, kama walivyoandika wa Dar. Kitabu chetu hakikuwa na sehemu ya kuandika asubuhi wala usiku, na karani wa ofisi aliingiza alichokiona. Lori lilikuwa limekwenda masaa matatu sawasawa. Yale sita niliyazaa mimi kwa kalamu.

Mwalimu alifuta ubao ingawa ulikuwa mtupu. Akaniambia Jumatatu saa nne nitakuwemo kwenye kile kikao. Nikamweleza kwamba niko kwenye miezi ya majaribio, mlinzi wa majaribio akisema amekosea kitabu haulizwi mara mbili, anarudishwa nyumbani. Akasema anajua. Nikamwomba twende wote, yeye ni mwalimu, watamsikiliza.

"Mimi sikuandika," akasema. "Nenda ukaseme: niliandika mimi, nilikosea mimi. Maneno manne. Usiongeze."

Nilikwenda. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi. Ndani kulikuwa na meneja mmoja, karani mmoja, na dereva ameketi akitazama viatu vyake. Nikafungua mdomo na maneno yaliyotoka yalikuwa haya: kitabu kilikosewa. Meneja akauliza kilikosewa na nani. Nikasema langoni tuna zamu nyingi, mzee.

Ikawa hivyo. Hawakuweza kumfukuza mtu kwa kitabu chenye shaka. Wakamwachia na onyo. Nami nilitoka pale mwepesi, nikajiambia mtu kapona, kazi imepona, nini zaidi. Jioni nilipofika Sofu, Mwalimu aliniuliza mbele ya wote kama nimesema. Nikajibu nimesema. Na kwa kuwa mdomo ukishafunguka haujui kufunga, nikaongeza mameneja wakawa wanne, mmoja amepiga meza, mimi nimesimama imara kama nguzo ya umeme. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa mkono. Alikuwa hatoi mkono ovyo. Mzee wa Mlandizi akaniombea dua. Mwezi uliofuata nikapata cheti, na kwa cheti kile nikatoka langoni nikaingia ofisini.

Dereva hakupona kama nilivyojidanganya. Kwa kuwa hakuna aliyesema kosa ni langu, watu walimalizia hadithi wenyewe: kawalainisha walinzi. Jina la Masaa Sita lilimfuata getini, kwenye mizani, mpaka msibani nilisikia limetumika. Hakumaliza mwaka. Aliacha mwenyewe, akafungua kibanda cha spea za pikipiki kule Mlandizi. Namba yake niliendelea kuwa nayo, maana tuko kundi moja la simu la waliowahi kufanya kazi Kwala, tunatumiana salamu za Ijumaa na picha za harusi. Anaandika mara chache. Kuna anayemwita Masaa Sita humo humo kundini, kwa mapenzi tu, naye huwa hajibu.

Ningeweza kuishi nalo, nakiri. Ila mwaka huu ofisini kwetu alikuja msichana wa mafunzo, mchangamfu, kasoma jioni pale pale Sofu, darasa la mwisho kabla Mwalimu hajaacha kwa sababu ya magoti. Siku moja ninamkosoa kwa saa aliyoingiza vibaya, akaniambia anajua uzito wake, maana Mwalimu wao aliwasimulia habari ya kijana mmoja mlinzi aliyesimama mbele ya mameneja wanne, mmoja akipiga meza, akasema niliandika mimi, nilikosea mimi. Aliwasimulia kila darasa, akasema yule msichana. Ndilo lilikuwa somo lake la kwanza. Hakujua anamwambia nani. Nilikwenda kunywa maji nikamaliza jagi zima.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la Kisarawe.

Nyumba yake nilielekezwa na watu watatu na wote walianza kwa kuniuliza kama nakwenda kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani, miguu kainyoosha kwenye mkeka, anachambua mchele na jirani zake wawili. Amepungua. Pikipiki iko pembeni imefunikwa turubai, kuku wanalala juu yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaninyooshea uso mpaka akanijua kwa sauti. Kisha akawageukia jirani zake, furaha imemjaa, akawaambia huyu ndiye yule. Yule wa lango. Wale mama wakanitazama kama wanatazama mgeni rasmi, mmoja akasogea anipishe kwenye mkeka.

Sikukaa. Nilimwambia, "Mwalimu, sikusema."

Akauliza sikusema nini.

Nikamsomea nilichofanya, mwanzo mpaka mwisho, meneja mmoja, karani mmoja, zamu nyingi mzee. Ungo ulikuwa umetulia mapajani. Jirani mmoja akaanza kujikusanya aondoke, Mwalimu akamgusa mkono abaki.

Halafu akasema, polepole, kana kwamba anahesabu vichwa, kwamba amewasimulia watoto wa watu wengi sana. Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alisema na yeye kakosea, kachukua maneno ya mtu mmoja akayapeleka madarasani bila kumuuliza hata siku moja yule wa pili.

"Yuko hai?"

"Yuko Mlandizi, Mwalimu. Namba yake ninayo."

"Unayo tangu lini?"

Nikaitoa simu mfukoni. Akaniambia nipige, hapo hapo, wakiwa wanasikia.

Simu iliita mpaka nikaomba moyoni isipokelewe. Ikapokelewa. Nikamwamkia, nikajitaja, akafurahi, akauliza kama kuna msiba kundini. Nikamwambia hakuna msiba. Nikamwambia ile asubuhi langoni, ile 3:10, niliandika mimi, nilikosea mimi, na kwenye kikao niliogopa kusema. Upande wa pili nikasikia pikipiki inapigwa stata, inazimika, inapigwa tena. Kisha akaniuliza niko na nani. Nikamwambia niko na Mwalimu wangu. Akasema nimpe simu.

Nilisikia upande mmoja tu. Mwalimu alisema ndiyo, ni mimi niliyemfundisha. Akasema hapana, amekuja kwa miguu yake. Akasikiliza, anatikisa kichwa, kidole kinazungusha punje za mchele kwenye ungo. Akasema, pole sana baba, pole na mama watoto. Akasema ukweli huo hata mimi nitausema, kwa kila niliyemfundisha ambaye namba yake ninayo. Kisha akanirudishia simu.

"Hajakata," akaniambia. "Amemwita mkewe na mafundi wake. Ameweka sauti kubwa. Anataka uanze upya."

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikasikia kule Mlandizi mtu anaambiwa azime injini, kiti kinaburuzwa, na sauti ya mama ikisema haya, tunasikiliza. Nikataja jina langu, nikataja zamu yangu, nikasema lori lilitoka saa tatu na dakika kumi za asubuhi, na kwamba mumewe hakusimama popote.